Saa ya jua kwenye picha: jinsi tunavyoifumbua hapa Kisumu

Picha ilifika Jumamosi asubuhi tukiwa kibandani kwa fundi, Kibuye, tunangoja chai na mandazi. Jiwe la kijivu lililoinama kama upande mmoja wa paa, na juu yake mistari tisa iliyochongwa, yote imenyooka, yote sambamba. Ya katikati imebanana. Ya pembeni imeachana mbali. Hakuna nambari hata moja. Kwenye mstari wa katikati kuna vitundu viwili vyenye madoa ya kutu. Aliyetuma aliandika neno moja: "Nini?"

"Ubao wa kufulia," fundi akasema.

"Fundi, mimi nimezunguka nyumba za watu nikipima mashamba mpaka nikastaafu," mzee wetu akamjibu, "na sijaona mtu anafulia nguo juu ya misumari."

Mwalimu wa fizikia hakutia neno. Alikuwa ameshaweka rula juu ya kioo cha simu.

Jiwe hilo tutalirudia. Hakuna kati yetu aliyesomea elimu ya nyota. Ni watu wanne tu wanaopenda saa za jua, na kila anayesafiri hutuletea picha za ajabu alizokutana nazo. Kwa miaka tumepata njia ya kuzifumbua, na hii ndiyo. Utahitaji simu ya kukuzia picha, rula na kipimapembe kutoka seti ya jometri ya mtoto, karatasi, na baadaye katoni, spoki ya baiskeli na jua la kutosha. Jua hapa si tatizo.

Hatua ya 1: Mbane aliyepiga picha

Ulikuwa wapi? Uso wa saa ulielekea upande gani? Ilikuwa saa ngapi? Akikujibu "nadhani kaskazini", muulize kivuli chake mwenyewe kilianguka wapi. Picha huhifadhi saa na tarehe ndani yake, lakini ikishapita simu mbili tatu taarifa hizo mara nyingi hupotea, kwa hiyo omba ile ya asili. Omba pia picha ya ubavuni. Watu hupiga saa ya jua kwa mbele, kama pasipoti, na kumbe siri yake iko ubavuni.

Hatua ya 2: Tafuta pua

Anayeona picha mara ya kwanza hukimbilia nambari. Ziache kwanza. Nambari hupakwa rangi upya na mtu asiyeijua kazi, hufutika upande mmoja, na kuna zilizowekwa kwa urembo tu. Anza na kile kinachotupa kivuli. Sisi tunakiita pua, kwa kuwa bamba lenye mistari tumezoea kuliita uso.

Jiulize: ni pua nzima inayosomwa, au ncha yake? Ukiona kibati cha pembetatu, fimbo iliyoinama au uzi uliokazwa, na mistari yote inatoka pale pua inapoota, basi ukingo mzima unafanya kazi. Kivuli chake hulala juu ya mstari kama rula. Lakini kama mistari inapishana kama wavu wa omena, au pua imechomoza kutoka ukutani ikiwa na kidonge mwishoni, basi ncha peke yake ndiyo ya kusoma. Kivuli kingine chote kipuuze.

Pua nyingine ni tundu. Ukiletewa picha ya mstari mrefu sakafuni mwa kanisa na watu wameinama kutazama kidoa cha mwanga, hiyo ni saa ya adhuhuri. Katika kanisa la San Petronio mjini Bologna, Italia, mtaalamu wa nyota Cassini alichora mstari wa namna hiyo mwaka 1655. Una urefu wa mita 67 hivi, na tundu lake liko juu darini.

Halafu kuna ile isiyo na pua kabisa. Nambari zimepangwa chini kwa umbo la yai, na katikati kuna majina ya miezi. Pua ni wewe mwenyewe: unasimama juu ya mwezi uliopo, na kivuli chako kinaangukia saa. Iko moja maarufu mbele ya kanisa la Brou, Bourg-en-Bresse, Ufaransa. Yai hilo hukuambia saa imetengenezewa wapi, maana kadiri unavyokaribia Ikweta ndivyo linavyobonyea. Hili nililijifunza kwa aibu. Shule moja ya hapa iliniomba niwachoree saa kama hiyo uwanjani. Nikapiga hesabu, nikaona nambari zote zimejipanga mstari mmoja kutoka magharibi hadi mashariki, nikadhani hilo halina neno, nikapaka rangi. Ikafika Machi 21. Watoto wakasimama katikati, mmoja baada ya mwingine, na asubuhi nzima kila kivuli kikalala juu ya mstari wa nambari kuelekea magharibi, kikizipita zote kwa pamoja. Hakuna aliyejua kama ni saa tatu au saa tano. Juni na Desemba saa hiyo hufanya kazi vizuri. Machi na Septemba, jua linapopita juu ya Ikweta, haisemi kitu. Rangi ile bado ipo, na kila nikipita huko natazama upande wa pili.

Mwisho ni pua iliyong'oka. Tafuta vitundu, kutu, au mabaki ya risasi iliyoyeyushwa kushikiza chuma kwenye jiwe. Mahali palipong'oka panakuambia pua ilisimama wapi, na hiyo ni nusu ya kazi.

Hatua ya 3: Pima mwinamo wa pua

Hapa ndipo penye utamu. Ukingo wa pua unaosomwa mzima huwekwa sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo pembe kati yake na ardhi ni sawa na latitudo ya mahali, yaani umbali wake kutoka Ikweta kwa digrii. Kule Jaipur, India, kuna saa ya jua ya mawe kubwa kuliko zote duniani, Samrat Yantra, iliyojengwa na Mfalme Jai Singh II katika karne ya 18. Ina kimo cha mita 27 hivi, na mwinamo wake ni digrii 27, ambayo ndiyo latitudo ya Jaipur. Bahati nzuri nambari hizo zinafanana, huwezi kusahau. Kivuli chake hutembea kama milimita moja kila sekunde; ukikaa ukikitazama unakiona kinatambaa.

Kupima kwenye picha, kwanza tafuta kitu unachojua kimesimama wima: ukingo wa mlango, nguzo ya taa, kona ya nyumba. Hicho ndicho timazi yako. Usiamini ukingo wa picha yenyewe, kwa sababu mkono wa mpiga picha hupinda. Weka kipimapembe sambamba na timazi hiyo, kisha soma mwinamo wa pua kuanzia usawa wa ardhi. Kama picha imepigwa kwa ubavu sawasawa, utakosea digrii mbili tatu tu, na hizo zinatosha kutenganisha Oslo na Roma.

Kisumu iko digrii 0.1 kusini mwa Ikweta, Nakuru 0.3. Pua ya saa iliyotengenezewa hapa imelala kabisa, sambamba na ardhi. Ukipanda matatu ya Busia ukavuka Ikweta pale Maseno, pua bado imelala. Kwa hiyo ukiona picha iliyopigwa kwenye bustani ya hoteli ya huku kwetu, na saa ya jua ina pua iliyosimama kama pezi la papa, ujue imenunuliwa ng'ambo na inasema uongo.

Najua kwa sababu nililetewa moja. Ndugu yangu alitoka London na saa ya shaba ya bustani, nzuri, imeandikwa nambari za Kirumi. Nikaisimika juu ya nguzo ya saruji, nikaisawazisha kwa pima maji. Adhuhuri ilikuwa sawa. Asubuhi na jioni ilipotea, na kila mwezi ilipotea kivyake. Mwalimu alipokuja kuitazama alicheka mpaka akakaa chini. "Hii inatafuta nyota ya London," akasema. "Iangushe."

Dawa ilikuwa kabari. London iko digrii 51 na nusu kaskazini. Tulichonga kabari ya mbao ya digrii hizo hizo, upande wa juu ukae kusini, bamba likainamia kaskazini hadi pua ikalala sambamba na ardhi. Tangu siku hiyo inasoma sawa. Ina kituko kimoja tu: Desemba, jua limeshachomoza na kuku wameshatoka, lakini bamba halipati mwanga hadi saa mbili na dakika 45 hivi kwa saa ya simu. Ni kwa sababu bamba sasa liko sambamba na ardhi ya London, na kwa London jua la Desemba huchelewa hivyo. Limebeba baridi yake mpaka Kisumu. Kumbuka kabari hii, tutaihitaji mwishoni.

Hatua ya 4: Nambari zinazunguka upande gani?

Hii ni fupi. Saa iliyolala chini, kaskazini mwa dunia, nambari zake huzunguka kama mishale ya saa ya ukutani. Kusini mwa dunia huzunguka kinyume. Iliyo ukutani ikitazama kusini, huko Ulaya, nayo huzunguka kinyume: asubuhi kushoto, adhuhuri chini, jioni kulia. Kama hesabu haikubali, angalia maandishi mengine kwenye picha, huenda simu imeigeuza kama kioo. Na hapa kwetu? Hazizunguki. Mistari inakuwa sambamba kama vipago vya ngazi, na kivuli kinavipanda kimoja kimoja kutoka magharibi kwenda mashariki.

Umeanza kuliona lile jiwe?

Hatua ya 5: Saa hizo zimehesabiwa kuanzia wapi?

Hapa Mswahili ana faida ambayo Mzungu hana, na nashangaa hatuitumii zaidi.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, wakichimba katika Bonde la Wafalme huko Misri, walipata kipande cha jiwe la chokaa cha karne ya 13 kabla ya Kristo. Kimechorwa nusu duara kwa wino mweusi, na nusu duara hiyo imegawanywa sehemu 12. Juu kuna tundu la kijiti. Mtu aliyelelewa na saa ya Kiingereza akiitazama anaanza kujikuna kichwa: mbona katikati, jua likiwa utosini, zimepita sehemu sita na si kumi na mbili? Muulize mama yeyote anayeuza samaki Dunga. Jua likiwa utosini ni saa sita. Basi.

Wagiriki na Warumi walihesabu hivyohivyo: kuchomoza hadi kuzama ni saa 12, na adhuhuri ni mwisho wa saa ya sita. Ule Mnara wa Upepo wa Athens, wenye pande nane, una saa ya jua kila upande, na zote zinahesabu hivyo. Tofauti ni kwamba kule mchana hurefuka na kufupika, kwa hiyo saa zao zilivutika wakati wa joto na kusinyaa wakati wa baridi. Kisumu mchana ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Saa za kale zingekaa hapa bila kusumbua mtu. Ukiona picha yenye mistari 11 au sehemu 12 kati ya macheo na machweo, bila nambari, isome kwa Kiswahili kabla ya kujaribu kitu kingine.

Kuna nyingine zinazohesabu saa sawasawa kuanzia macheo, nazo huitwa saa za Kibabeli. Nyingine huanza kuhesabu machweo hadi 24, nazo ni saa za Kiitaliano. Zimejaa kwenye kuta za zamani za Italia. Ukiona uso wa saa ambao katikati ya mchana imeandikwa 17 au 18, usidhani mchoraji alilewa. Alianza kuhesabu jana jioni, kama wewe unavyosema saa moja usiku baada ya jua kuzama.

Halafu kuna mstari uliopinda unaokatiza mistari mingine upande wa baada ya adhuhuri. Ukiuona kwenye picha kutoka Uturuki, Misri, Syria au Tunisia, jina lake unalijua tangu utotoni: alasiri. Wakati wa sala hiyo huingia kivuli cha kitu kinapokuwa kimezidi kile cha adhuhuri kwa kimo cha kitu chenyewe, na kwa kuwa kivuli cha adhuhuri hubadilika kila siku, mstari hauwezi kunyooka. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya huko Damascus, alitengeneza mwaka 1371 saa ya marumaru ambayo uso wake umejaa mistari ya namna hiyo. Pua yake ilikuwa sambamba na mhimili wa dunia, na ndiyo saa ya zamani zaidi ya aina hiyo inayojulikana kuwa bado ipo. Mzee wetu alipoiona picha yake mara ya kwanza alikaa kimya, kisha akasema, "Huyu mtu ametuchorea adhuhuri na alasiri kama barabara."

Hatua ya 6: Mistari iliyopinda, nane, na majedwali

Pinde zinazoelekeana, moja imetumbukia na nyingine imebinuka, na kati yake mstari mnyoofu: hiyo ni kalenda. Mnyoofu ni Machi na Septemba. Pinde za mwisho ni Juni na Desemba. Ncha ya kivuli hutembea juu ya mstari wa siku hiyo. Mabakuli ya Korea yaitwayo angbuilgu, yaliyoanza mwaka 1434 enzi ya Mfalme Sejong, yana mistari 13 ya majira ndani yake, na ya kwanza yaliwekewa picha za wanyama ili asiyejua kusoma naye ajue saa. Sidhani kama kuna saa ya jua yenye heshima kuliko hiyo.

Umbo la nambari nane nyembamba ni marekebisho ya dakika, tunayafikia sasa hivi. Na jedwali la nambari lililo chini ya saa ya ukutani ya Queens' College, Cambridge, ambalo kila mtu hutuuliza, ni la kusomea saa kwa mwanga wa mwezi.

Hatua ya 7: Ondoa tofauti ya dakika

Aliyepiga picha akikuambia "saa ni mbovu, imechelewa", usikubali haraka. Saa za Kenya zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata Kenya, unapita Somalia. Kisumu iko digrii 34.75. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya simu kwa dakika 41. Nakuru ni 36, Busia karibu 44.

Juu ya hapo, jua lenyewe lina tabia zake. Njia ya dunia kulizunguka ni duaradufu na mhimili wetu umeinama, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia kwa dakika 16, na karibu Februari 11 huchelewa kwa dakika 14. Katikati ya Aprili, katikati ya Juni, mwanzoni mwa Septemba na siku ya Krismasi halina deni. Kwa hiyo Kisumu, kupata saa ya simu, ongeza dakika 25 kwenye kivuli Novemba 3, na dakika 55 Februari 11. Anayesimika saa ya jua Februari akaisogeza "ikubaliane na simu" ameiharibu kwa mwaka mzima.

Kwa picha za Ulaya kumbuka pia kwamba wakati wa joto wao husogeza saa mbele kwa saa nzima. Picha ya Greenwich ya mwisho wa Julai itaonyesha kivuli kilicho nyuma ya simu kwa saa moja na dakika sita, na saa iko sawa kabisa.

Hatua ya 8: Zilizobaki

Kijiti kama mche wa sabuni ya mduara, kilichochorwa mistari iliyopinda na chenye kipua kidogo juu: hiyo ni saa ya wachungaji. Haisomi upande wa jua, inasoma kimo chake. Iko moja kwenye mchoro wa Holbein wa mwaka 1533, ule wa mabalozi wawili, pamoja na kete ya pande nyingi yenye saa za jua kwenye nyuso zake. Kizinga kidogo chenye kioo cha kukuzia juu yake hulipuka adhuhuri jua likiwasha baruti. Sanduku linaloonyesha kivuli chenye tarakimu kama za saa ya mkononi ni saa ya jua ya dijitali: vipenyo vyembamba vimepangwa ndani ili mwanga uandike nambari. Hata Mars ipo: magari ya utafiti Spirit na Opportunity yaliyotua mwaka 2004 yalibeba kisaa cha jua, ambacho pia kilitumika kusawazisha rangi za kamera.

Na kuna zinazodanganya. Kule Rue Saint-Jacques, Paris, kuna uso uliochorwa ukutani na Salvador Dalí mwaka 1966, na pua yake. Tuliipima jioni nzima kabla ya kukubali kwamba haitoi saa. Nguzo ya Seven Dials ya London ina nyuso sita, ingawa jina linasema saba. Wenyewe husema nguzo ndiyo ya saba. Ukikwama sana, jiulize kama kuna kitu cha kufumbua.

Hatua ya 9: Itengeneze

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi, na Ikweta inatusaidia kuliko mtu yeyote. Kwa kuwa mhimili wa dunia umelala sambamba na ardhi yetu, kabari moja inatupeleka popote. Saa ya digrii 40 kaskazini? Kata kabari ya digrii 40, upande wa juu kusini. Ya Cape Town? Digrii 34, upande wa juu kaskazini. Weka nakala ya katoni juu yake na jua la Kisumu litaiangaza kama la huko, pamoja na macheo na machweo yake, ila miezi ambayo mchana wa huko ni mrefu kuliko wetu: hapo itabidi uridhike na macheo na machweo ya Kisumu.

Kaskazini usiitafute kwa dira ya simu karibu na mabati, itakuyumbisha. Ning'iniza timazi, subiri adhuhuri ya jua kwa hesabu ya hatua ya 7, kisha chora kivuli cha uzi. Hiyo ndiyo kaskazini na kusini. Usifanye hivyo karibu na Machi 21 au Septemba 23, kwa sababu jua litakuwa utosini na uzi hautakuwa na kivuli cha kuchora.

Sasa lile jiwe. Mwalimu alipima kwenye kioo cha simu kutoka mstari wa katikati: milimita 6, 13, 22 na 38. Akagawanya 38 kwa 22, akapata 1.73. Akatuonyesha karatasi. Mistari sambamba ya saa hukaa kwa uwiano wa 0.27, 0.58, 1 na 1.73, na ile ya tatu iko mbali na katikati sawasawa na kimo cha pua. Ni ngazi yetu ya Kisumu, ila imeinamishwa ili iwe sambamba na mhimili wa dunia. Mzee akaweka kipimapembe ubavuni mwa jiwe: digrii 40. Kabla hatujamaliza mandazi ujumbe mwingine ukaingia: picha ilipigwa kwenye bustani nje kidogo ya Madrid, latitudo 40 na kitu.

Fundi alikuwa ameshanyamaza muda mrefu. Akachukua kipande cha bati nene, akauliza vipimo. Pua ya sentimita 10, mistari kwa 2.7, 5.8, 10 na 17.3 kila upande. Hakuna kuinamisha chochote. Hapa jiwe la Madrid linalala chali. Akakata, akachomelea, akalisawazisha kwa pima maji juu ya kigoda nje ya kibanda, na Novemba 3 tukalilinganisha na mstari wa timazi.

Simu ilisema saa tisa na dakika 25. Kivuli cha ukingo wa pua kilikuwa juu ya mstari wa tatu.

Fundi aliinama, akaweka rula mwenyewe. "Kumi," akasema. Akainuka, akajipangusa magoti. "Haya wazee, hii mnanunua, ama nifulie nguo?"